Bima Mbili za Shangazi: Moja Ilitukataa, Moja Ililipa Ikinung'unika

Nyumba yetu ya Kibokoni ina ngazi kumi na saba za mbao, na ile ya tisa ililegea tangu marehemu babu yu hai. Sisi tunaoishi humo twairuka bila kufikiri, hata tukiwa na sinia la mahamri mkononi. Shangazi alizaliwa humo humo, ila nusu karne ya Ulaya ilikuwa imemsahaulisha. Februari 2024, siku ya nne tangu afike, alishuka alfajiri kwenda kutia udhu, akaikanyaga. Tulisikia kishindo, halafu tukamsikia akijieleza mwenyewe kwa ile sauti ya kinesi: "Mkono wa kulia, umevunjika juu ya kifundo, msinivute."

Bima aliyokuwa nayo siku hiyo ndiyo ya kwanza kati ya mbili ninazotaka kuzieleza. Ya pili tuliinunua mwaka uliofuata. Kampuni zenyewe sitazitaja: ya kwanza tulishamalizana, ya pili bado nina karatasi mezani kwake. Naandika kwa sababu naona familia nyingi za hapa Mombasa zina mtu wa namna ya shangazi. Mzaliwa wa Kibokoni, Bondeni au Tudor, pasi ya Uingereza, makazi Uhispania au Ureno, na kila mwaka huja kufunga Ramadhani na watu wake. Akiugua, anaugulia mikononi mwenu, na simu ya bima mtaipiga nyinyi.

Shangazi alizaliwa 1950. Aliondoka 1971 kwenda kusomea unesi Uingereza, akafanya kazi katika hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mjini Leicester mpaka akastaafu, na katikati ya hayo akachukua uraia wa huko. Mwaka 2018 yeye na mumewe waliuza nyumba wakahamia Torrevieja, pwani ya mashariki ya Uhispania, kwenye jua na chumvi na Waingereza wastaafu tele. Mume alifariki 2021. Yeye alibaki, na kila mwaka huja kwetu kama miezi miwili. Tangu Januari 2024 visa zilipoondolewa anaingia kwa kibali cha eTA, dola 30, na hajawahi kukilipa bila kulalama: "Nalipa dola thelathini kuingia nyumba niliyozaliwa!" Katiba ya 2010 inamruhusu kuurudisha uraia wa Kenya bila kuuacha ule mwingine. Tumeshamwambia. Anasema fomu atajaza akifika, akifika anasema atajaza akirudi.

Basi, mkono. Tulimpeleka hospitali ya kibinafsi kwa sababu ilikuwa karibu na yeye mwenyewe alitaka. Pale kaunta karani akauliza malipo ni ya bima au taslimu. Shangazi, mkono mmoja umefungwa kwa leso yangu, akafungua pochi kwa mkono wa kushoto na kupanga kadi tatu juu ya kaunta kama mtu anayecheza karata: kadi ya afya ya kule Valencia waiitayo SIP, kadi ya Ulaya ya matibabu ya msafiri, na kadi ya zamani ya NHS yenye namba ambayo ameihifadhi kama picha ya mchumba. Yule binti alizigeuza moja moja, mbele na nyuma, kwa adabu ambayo mpaka leo namshukuru. "Mama, hizi zote nzuri," akasema, "lakini hapa hatuna pa kuzipitisha."

Ikabaki bima ya safari. Aliyemnunulia ni jirani yake wa Torrevieja, mama mmoja wa Kiingereza mwenye mbwa wawili na moyo mwema, kupitia tovuti ya Uingereza ya kulinganisha bei. Pauni 64 kwa miezi miwili. Bei hiyo ndiyo ingetushtua, lakini nani hushtuka kwa kitu rahisi? Tovuti ilikuwa haikubali anwani ya Uhispania, kwa hiyo jirani akaandika anwani ya mtoto wa shangazi aliyeko Leicester, kwa nia safi kabisa, na safari ikaendelea.

Nilipiga ile namba ya dharura mimi, simu nikaiweka kwa spika. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mkataba. Halafu: amesajiliwa kwa daktari gani wa mtaa huko Uingereza? Nikamtazama shangazi. Ningeweza kubuni, naye angeweza kubuni vizuri kuliko mimi, maana anawajua madaktari wote wa Leicester. Lakini ni mtu wa swala tano. "Sina daktari huko," akajibu kwa sauti. "Mimi naishi Uhispania tangu 2018."

Kukawa kimya, nikasikia vidole vikigonga kibodi.

Barua pepe ilikuja jioni ile ile. Mkataba ule ni wa wakaazi wa Uingereza pekee, yaani mtu anayeishi huko na aliyesajiliwa na daktari huko. Asiye mkaazi hakuwa na bima tangu siku ya kwanza. Walimrudishia pauni 64 zake. Bili ya upasuaji, chuma alichotiwa na siku mbili za kulazwa ilifika shilingi 312,000. Tuliilipa kwa mchango wa familia kwenye WhatsApp, na binamu yetu mmoja wa Nyali alitoa elfu tano na ushauri wa laki moja.

Niliikasirikia ile kampuni wiki nzima, halafu nikatulia. Mimi ni karani wa klaring, naondoa makontena bandarini Kilindini mwaka wa kumi na tisa huu. Mtu akija kwangu na hati zinazosema kontena lina vigae, na ndani mna pikipiki, halafu lidondoke baharini, bima ya shehena hailipi vigae wala pikipiki. Sisi ndio tulioandika Leicester. Lawama yangu imebaki kwa zile tovuti zinazochukua pesa kwanza na kuuliza unaishi wapi siku umevunjika. Swali hilo lilifaa liwe la kwanza, kwa herufi kubwa kama za mabango ya matatu. Wao wameliweka ukurasa wa saba, kwa herufi za siafu.

Pale barazani penye kahawa habari ilifika kabla ya shangazi kutoka hospitali. Mzee mmoja hakuamini. "Mwingereza yule! Ana pasi ya Malkia, alipishwe vipi?" Akaambiwa Malkia alishafariki, sasa ni Mfalme. "Basi pasi ya Mfalme. Atalipishwa vipi?"

Nami sikuwa na jibu usiku ule. Nikalitafuta, na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma vifungu, nilizama. Naliweka hapa kwa ufupi, maana wengi tunadhani kama yule mzee.

NHS humtibu bure anayekaa Uingereza. Ukishahama, hata kama ulikatwa kodi maisha yako yote, na hata kama ulikuwa ukiwafunga watu bandeji humo humo ndani ya NHS, umetoka. Kinachomsaidia shangazi huko Uhispania ni pensheni yake ya serikali ya Uingereza. Kwa sababu anaipokea, alipewa fomu iitwayo S1, ambayo kwa maneno ya kibandari ni hati ya dhamana: Uingereza inaiambia Uhispania, mtibuni huyu, gharama ni juu yetu. Akaipeleka ofisi ya hifadhi ya jamii ya huko, akapewa kadi ya SIP, na sasa anapanga foleni kwa daktari wa mtaa kama Mhispania yeyote. Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haikumvurugia, kwa sababu alikuwa ameshahamia kabla ya tarehe 31 Desemba 2020, na waliowahi tarehe hiyo haki zao zililindwa.

Jirani yake yule wa mbwa ana mume wa miaka 61. Umri wa pensheni ya Uingereza ni 66 na unapanda kuelekea 67, kwa hiyo S1 ya uzeeni hana bado. Yeye analipa euro 60 kwa mwezi kuingia matibabu ya umma, mpango ambao Uhispania inaufungulia mtu akishakaa mwaka mzima na jina lake liko kwenye daftari la wakaazi. Akifika 65 atalipa 157. Dawa za dukani hununua kwa bei kamili. Na Mwingereza anayetaka kuhamia leo, akiwa hana kazi wala pensheni, huombwa bima kamili ya kibinafsi kabla hajapata kibali, isiyo na kuchangia wala muda wa kungojea.

Halafu kuna kadi iitwayo GHIC, ambayo Uingereza ilianza kuitoa 2021 badala ya ile ya zamani ya EHIC. Ni bure. Inampa msafiri matibabu ya lazima katika hospitali za umma za Umoja wa Ulaya. Haikurudishi nyumbani ukizidiwa, haiingii hospitali za kibinafsi, na huku kwetu, kama alivyosema yule binti wa kaunta, hakuna pa kuipitisha. Kenya na Uingereza hazina mapatano ya kutibiana raia. Akishuka uwanja wa ndege wa Moi, shangazi hana kinga yoyote isipokuwa aliyoinunua.

Mamangu, ambaye ni wifi yake na hapendi mambo marefu, akauliza: "Si arudi tu Mombasa, tumuuguze sisi?" Hilo nalo nikalitazama, na ndilo lililoniuma zaidi ya bili. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupanda kila mwaka kwa anayeishi Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya. Ukihamia Kenya inaganda pale pale ilipo, kiasi kile kile mpaka unaingia kaburini. S1 nayo haivuki bahari. Kwa hiyo mtoto wa Kibokoni ana sababu mbili za karatasi za kutozeekea Kibokoni. Nilipomweleza aliitikia kwa kichwa tu. Alishazijua muda mrefu, ila hakuwa akituambia.

Sasa bima ya pili. Novemba 2024 nilimwambia shangazi safari hii hakuna jirani, natafuta mimi. Zipo kampuni zinazouza bima ya safari hasa kwa Waingereza wanaoishi Ulaya, na dalili ya kwanza ya kuwa umefika kwa mwenyewe ni kwamba fomu inakuuliza nchi unayoishi kabla hata ya jina, na Uhispania imo kwenye orodha. Mkataba wake una kurasa 43. Niliusoma wote, usiku tatu, na kahawa tungu ya Mji wa Kale ilihusika.

Mtego wa kwanza ulikuwa siku. Ile bima ya mwaka mzima ilikuwa na bei nzuri, na nilikaribia kubonyeza, ila kila safari ndani yake isizidi siku 31. Shangazi hukaa karibu siku 60. Angekuwa na bima Ramadhani inapoanza na kuikosa kabla ya Idd. Nikachukua ya safari moja, siku 60, bei ya dunia nzima pasipo Marekani, Kanada na visiwa vya Karibi, kwani zile zikiingia bei inaruka.

Mtego wa pili: safari ianzie na kuishia nchi unayoishi. Alitaka kwanza aende Leicester kumwona mjukuu, akate tiketi ya Kenya kutokea huko. Nikakataa. Tukakata ya kwenda na kurudi Alicante, jirani na Torrevieja, mjukuu akaja yeye Uhispania wakati wa Krismasi. Ilikuwa rahisi kumleta kuliko kubishana na kifungu.

Halafu maswali ya afya. Hapa wengi huongopa, na nawaelewa, maana nilijaribu mwenyewe nione: bila kutaja presha bei ilikuwa euro 171, nikitaja presha ikawa 236. Euro 65 za ukweli. Tukalipa 236. Waliuliza anatumia dawa gani, kipimo kimebadilika ndani ya miezi kumi na miwili, amelazwa lini mwisho, mpaka ule mkono wa 2024 nikauandika. Kumbukeni swali hilo la kipimo, litarudi.

Na Lamu. Shangazi alitaka kwenda kuwaona wakwe zake, apande basi kama zamani, ateremke Mokowe, avuke kwa boti. Kwenye mkataba kuna kifungu: ukienda mahali ambapo wizara ya mambo ya nje ya Uingereza inashauri watu wasiende, bima inalala. Nikaufungua ushauri wao wa Kenya. Kaunti ya Lamu ilikuwa imo, isipokuwa kisiwa cha Lamu chenyewe na Manda. Maana yake ukiwa kisiwani una bima, ukiwa ndani ya basi huna. Nilimwambia, akacheka mpaka akakohoa, halafu tukampandisha ndege mpaka Manda. Watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa uzito wa ushauri ule. Mei 2014 wizara hiyo ilipobadilisha maneno kuhusu Mombasa, watalii wa Kiingereza waliondolewa kwa ndege katikati ya likizo zao, na vijana wetu wa mahotelini wakarudi nyumbani na mifuko ya nguo.

Kifungu kilichonichukua usiku mzima kilikuwa cha mauti. Kampuni italipa gharama ya "kurudisha mwili nyumbani". Nyumbani wapi? Nikarudi ukurasa wa maana za maneno: nyumbani ni nchi ya makazi. Nikamsomea shangazi kwenye simu ya video. Akavua miwani. "Yaani nikifa Mombasa, wanitoe Mombasa wanipeleke Torrevieja?" Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa. "Waambie mimi nazikwa Kikowani, kando ya mamangu, na siku hiyo hiyo." Nikawaandikia, nikaeleza kuwa kwa Waislamu maziko hayangojei. Walijibu baada ya siku mbili, na hapa nawapa maksi zao zote: ndiyo, kuzikwa mahali alipofia kunalipwa badala ya kusafirishwa, kwa kikomo fulani cha euro, mradi wajulishwe kwanza. Nimeichapisha barua hiyo. Iko kwenye bahasha kabatini kwa mamangu, pamoja na hati za nyumba.

Shangazi alifika Februari 20, 2025. Akafunga mwezi wote, akatuzidi sisi kwa tarawehe. Wiki iliyofuata Idd kikaanza kikohozi, tukakidharau, tukampa tangawizi na asali. Jumanne, Aprili 8, usiku, pumzi zikawa fupi. Tulipofika hospitali ile ile walisema mapafu yameingia maji ya homa, alazwe.

Jirani yetu alinishika mkono pale nje: "Si umtie kwenye SHA yako?" SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024 na inanikata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, Mungu anajua. Lakini pale ndani naruhusiwa kumweka mke na watoto. Shangazi hakuna mahali pake.

Nilipiga simu ya bima saa nne na dakika arobaini usiku. Ilipokewa haraka. Walifungua faili, wakanitumia fomu ya shangazi kutia saini ili daktari aruhusiwe kuzungumza nao, akaitia kwa mkono wenye chuma. Wakasema barua ya dhamana itakwenda hospitali "muda si mrefu". Hospitali nayo ilitaka amana ya shilingi 50,000 kabla ya kitanda. Nikalipa kwa M-Pesa, kwa pesa ambazo nilikuwa nimeweka kando kwa ada ya shule ya muhula wa pili.

Barua iliwasili Alhamisi saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe: ni saa thelathini na tatu. Katika saa hizo nilipiga simu mara sita, nikazungumza na watu watano, na kila mmoja aliniomba nianze upya kwa tarehe ya kuzaliwa. Lile lililokuwa likiwachelewesha ni kidonge. Daktari wa hapa aliandika kuwa mgonjwa anatumia amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10. Kwenye fomu yangu ya Novemba niliandika 5. Nikamwendea shangazi kitandani na oksijeni puani. "Januari daktari aliipandisha," akasema. "Hukuniambia." "Hukuniuliza." Na mkataba, ukurasa wa 12, unasema wazi kwamba afya ikibadilika baada ya kununua na kabla ya kusafiri, lazima uwajulishe. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Sikufikiria kumpigia Januari kumuuliza vidonge.

Wakataka taarifa ya daktari wake wa Torrevieja. Yule jirani wa mbwa, nimemtaja kwa bima mbovu na sasa nimtaje kwa wema wake, alikwenda kituo cha afya asubuhi na mapema na barua ya ruhusa na nakala ya kitambulisho cha shangazi, akasimama kaunta mpaka akapewa karatasi mbili za Kihispania, akazipiga picha akatuma. Saa tatu za huko alikuwa ameshamaliza. Kampuni ikaamua kwamba homa ya mapafu haihusiani na presha, kwa hiyo italipa, ila ikaandika kwamba kama angelazwa kwa moyo au kiharusi uamuzi "ungeweza kuwa tofauti". Sentensi hiyo niliisoma nimesimama koridoni, na nilikaa chini.

Bili ya usiku nne ilikuwa shilingi 187,400. Bima ilibeba yote isipokuwa eksesi, ile sehemu unayojilipia kwanza: euro 150, kama shilingi elfu 22 kwa bei ya siku hizo. Amana yangu hospitali iliirudisha baada ya wiki mbili na safari nne, ikishakata hiyo eksesi.

Jambo moja walilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Safari ya kurudi ilikuwa Aprili 18 na bima inaisha siku mbili baadaye. Daktari akasema asipande ndege kwa siku kumi tangu kutoka hospitali. Nilidhani tumekwisha. Kumbe ukizuiwa na daktari kusafiri, bima inasogea yenyewe mpaka utakapoweza. Waliomba barua ya daktari, wakalipa euro 140 za kubadilisha tiketi, na wakampangia kiti cha magurudumu katika kila uwanja. Nesi wao alimpigia simu kila siku mbili mpaka alipofika Alicante. Shangazi alimwuliza amesomea wapi, wakakuta wanajuana na matroni mmoja, na tangu hapo zile simu zilikuwa za nusu saa.

Vilivyobaki ni vidogo lakini vinaudhi. Dawa tulizonunua nje na picha ya pili ya kifua tulilipa sisi tukadai baadaye. Picha ya kifua ililipwa wiki ya saba. Dawa, shilingi 4,300, zimekataliwa kwa sababu risiti ya famasi imeandikwa kwa mkono na jina la mgonjwa halimo. Nimerudi famasi, wameniandikia nyingine, na muhuri juu. Hiyo ndiyo karatasi ninayosema iko mezani kwao.

Ningewapa nyota ngapi? Ya kwanza sina haki ya kuipima, haikuwa bima yetu. Ya pili nawapa tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja imeondoka kwa zile saa thelathini na tatu, nusu kwa risiti. Kama ndugu yako anaishi Ulaya kwa pasi ya Uingereza na anakuja huku, mnunulie hiyo hiyo ya aina ya pili. Lakini uwe na elfu hamsini pembeni kwa usiku wa kwanza, na wiki moja kabla hajapanda ndege mpigie umwambie amwage vidonge vyote mezani akusomee boksi moja moja. Mimi nimeshaweka kengele kwenye simu.

Bei ya safari ijayo imekuja juzi. Atakuwa na miaka 76, presha ya miligramu 10, na homa ya mapafu kwenye historia: euro 341. Watoto wake wanachangia, nitalipa Ijumaa. Ngazi ya tisa fundi ameipiga misumari na kuitia ubao mpya. Ya kumi na mbili nayo imeanza kulia ukiikanyaga, kwa hiyo nimeipaka chokaa ukingoni aione hata alfajiri.